Daktari wa Utafiti ni Baba Mkwe Wangu

Admin, jina langu libaki kwako, na kijiji chetu pia usikiandike, sema kata ya Kinyala tu inatosha. Mimi ni mama wa miaka 37, nina watoto watatu. Mume wangu anafanya kazi kiwanda cha chai. Mimi nilikuwa nachuma, sasa siwezi tena. Habari yangu ina aibu ndani yake, lakini nimelia peke yangu mpaka nimechoka.

Tangu nijifungue mtoto wa mwisho, huu mwaka wa sita, siwezi kukaa. Simaanishi kukaa muda mrefu, namaanisha kukaa. Nikigusa kiti tu, huko chini kunawaka kama nimepakwa pilipili, na moto unashuka mpaka pajani. Kanisani nasimama nyuma na wachelewaji. Msibani wenzangu wamekaa mikekani, mimi nakimbilia jikoni kusonga ugali nisionekane nimesimama, watu wananisifu eti mchapakazi! Mambo ya chumbani ndiyo usiseme, mwaka wa pili huu tunaishi kama kaka na dada. Nimetibiwa UTI mara nyingi mno. Zahanati moja wakaniambia nimlete mume wangu, tutibiwe wote magonjwa ya zinaa. Siku hiyo mume wangu hakunipiga wala hakuniuliza kitu, ila chakula hakugusa. Majibu yalipotoka hatuna chochote, hakuna aliyetuomba radhi.

Mwaka huu nikasoma humuhumu kwenye page kisa cha dada aliyeumwa kama mimi. Nililia kwa furaha, Mungu anisamehe, kujua kuna mwingine. Kwenye komenti mtu akaandika kuwa hayo ni maumivu ya mshipa wa fahamu wa nyonga, na hospitali moja Mbeya mjini wanatafuta wanawake wa kujaribu sindano mpya. Nikapiga simu, nikaulizwa maswali mengi, nikaambiwa njoo. Kutoka Tukuyu mpaka Mbeya nilipiga magoti juu ya kiti, nimetazama abiria wa nyuma. Mtoto mmoja akadhani nacheza naye.

Nesi alinieleza vizuri, na kwa upole. Ni utafiti, si matibabu ya uhakika. Wengine watachomwa dawa, wengine maji ya chumvi tu, na atakayepata nini inaamuliwa kwa bahati nasibu, hata daktari hajui. Naweza kujitoa siku yoyote. Kabla ya sindano daktari ananipima sehemu za siri kwa mkono wake, atafute mshipa unaouma. Nikasema sawa, nimezaa watatu, aibu gani imebaki? Nikasaini. Nikavua, nikapanda kitandani, nikafunikwa shuka.

Daktari akaingia, mzee mpole mwenye mvi. Akasoma karatasi, akaona natoka Rungwe, akafurahi, akanisalimia kwa Kinyakyusa. "Ndaga mama, na mimi ni wa huko. Kinyala kwa nani?"

Nikamtajia ukoo, nikamtaja na baba mkwe wangu. Akaweka kalamu chini, akageuka akatazama ukuta.

Kumbe ni mdogo wake baba mkwe, yule aliyesomea mbali na kufanya kazi mikoa ya watu miaka yote, ambaye sura yake sikuwahi kuiona. Kwa wasiojua, kwetu Wanyakyusa mwanamke aliyeolewa hakutani uso kwa uso na baba mkwe, na ndugu zake ni walewale. Baba mkwe akitokea njiani, naingia migombani mpaka apite. Najua vijana wa mjini hamfuati tena, na mtacheka. Chekeni tu. Kwetu bado tunafuata, na mimi nimemheshimu yule mzee miaka kumi na tano.

Akaanza kuongea na nesi, mimi nipo palepale nimejifunika shuka mpaka kichwani. "Mwambie sikujua. Mwambie huku nyanda za juu aliyefundishwa sindano hii ni mimi peke yangu, kituo kingine kipo Dar. Mwambie akitaka nitampima kama mgonjwa yeyote, akikataa sitaandika sababu."

Nilivaa gauni nje ndani nikaondoka.

Nyumbani nilimweleza mume wangu kila kitu. Nilitaka afoke, nipate wa kumlaumu. Akasema, "Sikukatazi, mama watoto. Naona unavyoteseka. Ila baba mdogo sitaweza kumtazama tena, na wewe sijui nitakutazamaje." Tangu hapo ananiandalia maji ya kuoga kama kawaida, anaongea na watoto kama kawaida, mimi ananipita.

Dar siwezi. Sindano ni kila wiki mbili, na safari ni ya kutwa nzima. Nesi amepiga simu jana, nafasi yangu wanaishikilia mpaka Ijumaa, baada ya hapo anapewa mwingine. Nikaomba angalau aniambie kama mimi nitapata dawa ya kweli. Akanijibu kwa huruma, "Dada, hata mimi sijui."

Ndicho kinachonimaliza. Naweza kujifunua mbele ya baba mkwe wangu, nyumba yangu ikavunjika, halafu kilichoingia mwilini kikawa maji ya chumvi. Na nisipoenda, maumivu haya nitazeeka nayo, na dawa nitasikia kwamba iliwasaidia wengine.

Ndugu zangu, mnitukane mkitaka, ila mnijibu kabla ya Ijumaa. Ingekuwa ni wewe, ungerudi kupanda kile kitanda?