Nilimwigiza Mume Wangu, Wakacheka

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Hapa kijijini kila mtu anajua mume wangu aliugua akili. Wengine wanasema alirogwa, wengine wanasema ni mambo ya ukoo wao. Aliyemsukuma hadi huko hawamjui. Ni mimi!

Mimi ni mzaliwa wa huku milimani, Mbinga, na roho yangu ni ngumu tangu utotoni. Nilimzika mtoto wangu wa kwanza, nikalia siku ileile, kisha nikashika jembe. Nikameza, maisha yakaendelea. Nikadhani kila mtu mzima anapaswa kuwa hivyo.

Baba watoto hakuwa hivyo. Kwao ni Ngumbo, kule ziwani. Mtu laini, mwenye hofu. Mvua ikichelewa, hofu. Mtoto akikohoa, hofu. Lakini akishaisema hofu yake, inapoa, anacheka na kula chakula chake. Maneno yake mengi ndiyo yaliyonifanya nimpende, jamani, msinione shetani.

Alikuwa dereva wa bodaboda. Kipindi cha mvua alimpakia mama mmoja mzee aliyekuwa anakwenda hospitali ya Litembo kumwona mgonjwa. Kwenye mteremko pikipiki ikateleza, yule mama akaanguka vibaya, akafia palepale. Polisi walisema ni ajali. Wafiwa walimsamehe mbele ya padri. Yeye mwenyewe hakujisamehe.

Akaanza kusimulia. Kwangu, kwa majirani, kwa mwenye duka, hata kwa watu waliokuwa wanapita njia. Kila mara anafika palepale: "Nikamwambia, mama, nishike vizuri, hapa panateleza." Hapo machozi.

Mimi nikaona aibu.

"Mwanaume gani wewe? Mbona mimi nilizika mtoto na sikuzunguka kijiji kizima nikitangaza?"

"Mama watoto, nikisema napata kupumua."

"Basi pumua kimya!"

Ndiyo, nilimjibu hivyo. Kwa mdomo huu huu.

Msimu wa kahawa ukafika. Tulikuwa wanawake tunachuma shambani kwangu, utani umekolea. Mmoja akaniuliza, "Shemeji yetu anaendeleaje na ile habari yake?" Nami kwa kutaka sifa nikaweka kikapu chini, nikakunja mikono kama niliyeshika usukani, nikaitoa sauti yake ya kilio: "Mama, nishike vizuri! Hapa panateleza!"

Walicheka mpaka wakashikilia mibuni wasianguke. Nikarudia, nikazidisha na kwikwi.

Mara vicheko vikakatika. Nikageuka. Baba watoto amesimama nyuma yangu, mkononi ana ndoo ya uji aliotupikia.

Hakunigombeza. Aliitua ndoo taratibu, akasema, "Kunyweni ungali moto." Akaondoka.

Hakusimulia tena tangu siku hiyo. Nami mjinga nikajisifu! Nilimwambia dada yangu, "Wanaume wa namna hii dawa yao ni kuwakausha tu." Kumbe namuua mtu huku najipongeza. Chakula kikamshinda. Usingizi ukamhama. Akawa anaiosha pikipiki asiyoiendesha, anaosha tena, haongei. Nikaona amani imerudi nyumbani!

Siku ya soko wakaja kuniita mbio. Amesimama katikati ya ule mteremko, amepanua mikono, anazuia magari na pikipiki, anawasihi watu warudi walikotoka. Vijana walimbeba juu juu hadi hospitali, analia kama mtoto.

Daktari aliniuliza kabla ya hapo alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia, mwoga, halafu msemaji.

"Akipatwa na jambo alikuwa anafanyaje?"

"Analisema mpaka liishe."

"Na safari hii je?"

"Alinyamaza."

"Mama," akasema, "mioyo haifanani. Wewe unaweza kumeza. Huyu amezaliwa na hofu, na kusema ndiko kulikokuwa kunamsaidia kuibeba. Ajali ingemtikisa kwa vyovyote, hilo si lako. Lakini kwa nini alinyamaza?"

Nikaikumbuka ile ndoo ya uji.

Mama yake akapanda kutoka Ngumbo, akamchukua, akawa anamsimamia dawa zake. Nilipopata nguvu nikamfuata huko na unga na maharage. Nikamkuta ufukweni na wenzake, wanageuza usipa, dagaa wa ziwani, waliowaanika juani. Anaongea! Wenzake wanamsikiliza, mmoja anamwambia, "Pole sana, ndugu yangu." Moyo wangu uliruka kwa furaha.

Aliponiona akanyamaza. Akaja, akanipa mkono kama anavyopewa mgeni. "Karibu, dada. Mama yuko ndani."

Dada! Mimi niliyemzalia!

Nikaingia ndani. "Shikamoo, mama. Mbona hajapona? Hanitambui!"

"Marahaba." Mama mkwe alinitazama sana. "Amepona, mwanangu. Anakutambua vizuri kabisa."

Ninyi mnaojivunia roho ngumu, msiwapimie wenzenu kwa roho zenu! Mtu wako akirudia jambo lilelile mpaka likuchoshe, choka, lakini msikilize. Na kama umeshindwa kumsikiliza, angalau usimfanye kichekesho mbele ya watu.

Mimi nimerudi milimani peke yangu. Nimejaribu kumeza kama nilivyozoea, safari hii imegoma kushuka. Natamani kumweleza mtu. Lakini nikikaa na wale wanawake, nikifungua tu mdomo kumtaja mume wangu, naona nyuso zao zinajiandaa kucheka.