Wifi Alipofagia Ngitili

Tulikuwa wanne siku ile. Mimi; wifi yangu, yaani dada wa marehemu mume wangu, tunayeishi naye mji mmoja, ua mmoja; jirani yetu Mama Pacha, ambaye ni binamu wa mkwe wangu; na mwanangu wa pili, aliyeleta samadi kwa mkokoteni huku amenuna. Majina yao yote ninayo, hata ya maksai wa kuazima waliovuta, ila wamenikataza kuyaandika.

Kazi ilikuwa kwenye kiwanja cha nyuma ya kwetu, upande wa Songwa, walikochekecha kokoto za almasi miaka na miaka. Mashimo yalishafukiwa, pakabaki kipara. Kijiji kikasema, pandeni nyasi, zikishika itakuwa ngitili yenu, malisho ya kufungwa, mfugo hauingii mpaka kiangazi. Mimi nilikuwa na ng'ombe mmoja tu, mwekundu, wa maziwa. Mwanangu alishasema, "Mama, pasipoota, kiangazi nampeleka Kahama kwa mjomba. Hapa atakula mawe?"

Basi tukatawanya samadi, tukamwaga mbegu tulizopukusa kando ya barabara, tukafunika kwa mabua ya mtama.

Asubuhi yake mwenyekiti wa kitongoji akatuma salamu kwamba anakuja kukagua. Nikaenda kisimani. Narudi na ndoo kichwani, namkuta wifi kainama kiwanjani na ufagio, jasho linamtiririka. Kafagia kote! Mabua, samadi, mbegu, vyote kavisukumia ukingoni, tuta moja refu.

"Wifi! Umefanya nini?"

"Mgeni akute takataka? Atasema mji huu hauna mwanamke."

"Na mbegu?"

"Mbegu si ziko chini? Mimi nimefagia ya juu tu."

Mama Pacha alicheka mpaka akakaa chini. "Mayu wee! Umezihamisha zote!"

Mwenyekiti akafika. Tukaamkiana, akazunguka. "Pasafi kweli. Nyasi ziko wapi?"

Wifi akamjibu, macho makavu, "Zinakuja, baba. Tumezipanga foleni."

Tulitaka kurudisha, mvua ikatuwahi mchana ule ule, tuta likashikamana kama tope la ukuta. Baada ya muda ukingo ukawa kijani, nyasi zimebanana. Kwingine mawe matupu. Mwanangu akaja, akatazama, akaniuliza kamba ya ng'ombe iko wapi. Moyo uliniuma.

Mama Pacha ndiye aliyesimama juu ya lile tuta akasema, "Jamani, hiki si kitalu? Mpunga tunaufanyaje?"

Tukatazamana. Kila mwaka tunang'oa miche ya mpunga kitaluni na kuipandikiza jarubani, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria! Tukaingia ardhi ikiwa bado mbichi, tukang'oa kwa mafungu, tukapandikiza kiwanja kizima. Wifi tulimpa sehemu ya mawe mengi, adhabu yake. Akalalamika mpaka jioni. Mwanangu naye, aibu ikamshika, akavua viatu.

Zilishika. Kiangazi tulipofungua ngitili, mwekundu alitangulia, hakuinua kichwa. Mwanangu akasema tu, "Kahama mbali, Mama."

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Wifi anadai ufagio ulikuwa wangu na mimi ndiye niliyemtuma. Wewe uliyekuwepo, au uliyesimuliwa na aliyekuwepo, ukiona nimekosea pita nyumbani unisahihishe. Maziwa yapo.