Redio Iliyotaka Hodi

Iko siku moja hainitoki kichwani, mwanangu, ingawa ninazo nyingi za kujisifia. Leo nina gereji tatu, ya kwanza hapahapa Kibiti, na hakuna aliyenishika mkono ila Mungu na akili zangu. Lakini siku ile nilikuwa na miezi miwili tu tangu nirudi kutoka Dar na diploma ya umeme wa magari. Nilikuwa nimeitundika ukutani, juu ya betri, mteja aione kabla hajaniona mimi.

Mwalimu Neema, mtu wa bara aliyekuwa akifundisha shule ya kijiji cha Mkongo, aliniletea gari lake dogo la Ulaya lililokufa betri. Nikafunga betri mpya, gari likawaka. Redio ikagoma, ikadai namba ya siri. Redio za kiwandani za namna ile ukizikatia umeme hudhani zimeibwa. Haziimbi mpaka uzipe namba zake.

"Fundi, humo ndani mna CD," Mwalimu alisema. "Sauti ya marehemu mume wangu akiongoza kwaya. Sina nyingine. Kesho tunasimika msalaba wake, nataka watu wamsikie."

"Kazi ndogo hii, Mwalimu. Hukuiona ile karatasi ukutani?"

Nikabonyeza sifuri nne. Ikakataa. Moja, mbili, tatu, nne. Ikakataa. Nikaingiza mwaka niliozaliwa mimi, kana kwamba huko Ulaya wananijua! Ikajifunga kabisa, vitufe havikuitika. Nikazima, nikawasha, nikalizunguka gari, nikarudi palepale. Jasho linanitiririka. Mwishowe nikashika bisibisi niibandue kwa nguvu.

Ubavuni mwa gereji alikuwa akiuza kamba wakavu Bibi Tatu, mzee wa kutoka Salale, huko deltani. Alikuwa akinitazama tangu asubuhi.

"We mjukuu wangu, huko chuoni hawafundishi hodi?"

"Bibi, hii ni elektroniki."

"Ni mlango huo. Kwetu mtu hubisha hodi mara tatu. Asipoitikiwa huenda zake, harudi na shoka. Wewe umebisha tatu, sasa unavunja. Mwizi anafanya nini zaidi?" Akamgeukia Mwalimu. "Huyu bwana diploma amekuuliza lolote kuhusu gari lako, mwanangu?"

"Hajaniuliza, Bibi."

"Basi. Diploma ina macho, masikio haina."

Niliona haya, mwanangu. Nikaweka bisibisi chini, nikauliza kwa sauti ndogo kama gari lilikuja na karatasi yoyote. Kulikuwa na kitabu cha Kijerumani, Mwalimu akasema. Kumbe nilikuwa nimekitupa mimi mwenyewe nyuma ya kiti asubuhi ile, maana mwenye diploma hasomi mwongozo! Ndani ya jalada palikuwa na kadi yenye tarakimu nne. Ukurasa mmoja ulikuwa na picha ya redio iliyofungwa, na kando yake picha ya saa na namba moja: yaani iache imewashwa, usiiguse, saa nzima.

Saa nzima, mimi, nitulie! Bibi Tatu akanipa ungo nichambue kamba, mikono ipate kazi. Nilichambua huku jicho liko kwenye redio.

Saa ilipotimia nikaingiza namba ya kadi. Mle redioni mwanamume mmoja akasema, "Haya, mbili, tatu," kwaya ikamfuata. Mwalimu akauegemea mlango wa gari.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu: kuuliza si ujinga. Kabla hujagusa kitu cha mtu, zungumza na mwenyewe. Ukikataliwa mara tatu, ondoa mkono, hata kama unakuwasha. Na akija mtu na redio mkononi, gari halionekani, anataka umfungulie, muulize kwanza kwenye mlango upi alibisha hodi. Elimu yako itundike ukutani, ni haki yako. Mimi yangu bado inaning'inia. Ila usiiweke mbele ya masikio.

Mungu akujalie kila utakapobisha uitikiwe karibu, na usipoitikiwa, akupe miguu ya kuondoka kwa heshima.