Kweli Yote ya Zerviah Pardee

Kwa miaka arobaini ukoo wa Pardee ulikaa benchi la pili kanisani, upande wa kulia, na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini. Shemasi Eliphalet Pardee alipofariki, benchi lilibaki kwa mjane wake Zerviah na binti yao Lois, pamoja na kijisanduku cha bati chenye matundu, ambacho kila Jumapili ya baridi kilitiwa makaa na kuwekwa miguuni. Kifunikoni Shemasi alikuwa amechora herufi za jina lake kwa ncha ya msumari. Kanisa lenyewe halikuwa na jiko. Katika vilima vile vya Connecticut, Marekani, mtu aliyetaka joto wakati wa mahubiri alitiliwa shaka imani yake. Miguu tu ndiyo iliyosamehewa.

Zerviah alikuwa mkunga, na ndiye aliyeosha maiti za kijiji. Waliozaliwa na waliokufa walipita mikononi mwake, na wote walimwita Shangazi. Aliyoyaona majumbani mwa watu aliyaacha humo humo. Kwa hilo aliheshimiwa kuliko kwa benchi.

Lakini lilikuwapo jambo alilomficha hata mumewe. Mwanawe Asahel alizama kwenye bwawa la kinu, barafu ilipopasuka chini ya miguu yake siku ya Sabato. Alikuwa na miaka kumi na tisa, bado hajaungama imani. Kaburini Mchungaji alisema, "Tumwachie Mungu mwenye haki," kwa sauti ambayo kila mtu aliielewa: kijana amekwenda motoni. Zerviah alikuwa amemwosha mwanawe kwa mikono yake, akamchana nywele zikiwa bado na vipande vya barafu. Akawaza: mimi mwenye dhambi siwezi kumtupa huyu, sembuse aliyemuumba? Kwa miaka kumi na minne aliisoma Biblia kama fundi anayekagua mshono wa mwenzake, uzi kwa uzi, mpaka akafika hapa: moto upo, nao unauma, lakini una mwisho, na mwisho wake ni wote kurudishwa nyumbani.

Hakumwambia mtu, ila mara moja. Mke wa Lemuel Scovill alipozika mtoto ambaye hakuwahi kubatizwa, Zerviah alimnong'oneza, "Mungu hapotezi kilicho chake." Maneno yana miguu. Kabla ya mavuno yalikuwa yamezunguka kijiji kizima.

Lemuel huyo alikuwa fundi mapipa, aliyeyatengeneza na kisha kusaidia kuimaliza pombe iliyotiwa humo. Jioni moja ya Novemba ghala la nyasi la Kapteni Gaylord liliteketea, na kwa kuwa wawili hao walikuwa wametukanana wiki ile ile, Lemuel akakamatwa. Kumbe jioni hiyo mkewe alikuwa anajifungua tena, na Lemuel alikuwa jikoni akichemsha maji, Zerviah akimwona kupitia mlango uliokuwa wazi. Mke hakuruhusiwa kumtolea mumewe ushahidi. Akabaki Shangazi peke yake.

Tena sheria ya siku zile ilikataa kumwapisha mtu asiyeamini adhabu baada ya kifo. Asiyeogopa moto, walisema, atazuiwa na nini asiongope? Na wakili wa mashtaka alikuwa ameyasikia maneno aliyonong'onezwa mke wa Lemuel.

Asubuhi ya kesi Lois alimfunga mama yake kofia, akavuta kamba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Mama, atakuuliza kama unaamini adhabu baada ya kifo. Jibu ndiyo, basi."

"Naamini kweli."

"Haya, si uongo! Jibu, uape, umtoe huyo mlevi wako, urudi ukae mahali pako."

"Na nusu iliyobaki?"

"Nani kakuuliza iliyobaki? Baba alikuwa shemasi. Mume wangu naye anatajwatajwa kwa ushemasi. Ukiyasema yale, sote tutaitwa watu wa mbingu ya ovyo, wanamoingia mpaka wezi wa farasi!"

"Hata wezi wa farasi wana mama zao, Lois. Legeza hiyo kamba, nitasema nini nikiwa nimenyongwa?"

Mahakamani wakili hakuchelewa. "Bi Pardee, unaamini kwamba mwovu ataadhibiwa baada ya kifo?"

"Naamini."

Nyuma yake alimsikia Lois akishusha pumzi. Angeweza kuishia hapo. Karani alikwishanyanyua Biblia, tayari kumtamkisha maneno aliyoyajua tangu utoto: kweli, kweli yote, na kweli tupu. Zerviah akaitazama ile Biblia.

"Naamini vilevile kwamba adhabu hiyo ina mwisho," akasema, "na mwishoni hakuna atakayepotea."

Watu wakaguna. Wakili akatabasamu kama paka aliyeachiwa maziwa. "Hakuna? Hata Yuda?"

"Hata wewe, bwana."

Kicheko kilizuka, hakimu akagonga meza. "Mama, hayo hukuulizwa. Kwa nini umeyasema?"

"Nimeitwa niape kusema kweli yote, mheshimiwa. Sikuona vema kukiendea kiapo hicho nikiwa na nusu tu."

"Mheshimiwa," wakili akadakia, "moto wenye mwisho haumtishi mtu!"

Hakimu alivua miwani, akaifuta polepole. "Ulishawahi kuungua, wakili? Sheria inataka shahidi aamini adhabu. Urefu wake haikuutaja. Aapishwe."

Kabla ya chakula cha mchana Lemuel alikuwa huru. "Mwanamke aliyekataa kulinda jina lake kwa kunyamaza," alisema mkuu wa baraza la wazee wa mahakama, "ataongopa kwa ajili ya huyu?"

Kanisa halikuwa jepesi hivyo. Zerviah aliitwa, akatakiwa akane neno moja tu: mwisho. Hakulikana. Akazuiwa meza ya Bwana, na benchi la pili likabaki la Lois na mumewe. Wiki tano Lois hakumsemesha mama yake.

Jumapili moja ya Februari, baridi ikikata kama wembe, Zerviah alilipita benchi lake bila kugeuka, akaenda mpaka la mwisho kando ya mlango, wanapokaa waliochelewa. Lemuel Scovill akasogea kumpisha.

"Karibu jehanamu, Shangazi," akanong'ona. "Walitudanganya. Kuna baridi!"

Zerviah akajiziba mdomo kwa leso, mabega yakamtikisika. Tangu Asahel azikwe hakuwahi kucheka kanisani.

Mchungaji alikuwa katikati ya hoja ya tatu watu walipoanza kuinamiana. Kitu kilikuwa kinarudi nyuma, mkono kwa mkono, benchi kwa benchi. Kapteni Gaylord alikipokea, akakitazama, naye akakipitisha. Kikamfikia Lemuel, akakiinamia na kukisukuma chini ya miguu ya Zerviah: kijisanduku cha bati, makaa yakiwa yamejazwa upya, na herufi za Shemasi kifunikoni.

Zerviah akanyanyua macho. Kule mbele, benchi la pili, Lois alikuwa ameketi wima, kofia yake imeelekea mimbari, miguu ameikunja chini ya sketi kwa baridi.