Mimi, Landrova na Mnunuzi Namba Nne

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na Mama Kendi, kwa sababu yeye akisimulia huwa anaongeza chumvi na kuiga sauti yangu: mimi Habiba, mama mzima wa watoto wanne, muuza maziwa ya ngamia anayeheshimika Isiolo mjini, niliwahi kusimama juu ya kreti katikati ya soko mchana kweupe nikamtukana mtu nisiyemwona, nikamlaani yeye na ukoo wake wote, na hadi leo nikipita pale kuna anayejifanya anakohoa.

Yote yaliletwa na landrova. Lazima mjue kwamba mimi nilizaliwa ndani ya gari. Mama alikuwa anapelekwa hospitali kutoka Garbatulla, na gari pekee lililopatikana siku hiyo lilikuwa landrova ya daktari wa ng'ombe (ndiyo, wa ng'ombe, chekeni tu), barabara ilikuwa mawe matupu, na kabla hawajafika Kula Mawe mimi nikaamua singoji tena. Mama anasema alikuwa ameshika kile kishikio cha chuma kilicho mbele ya abiria, akakivuta, akakivuta, kikang'oka kikabaki mkononi. Daktari akanipokea kwa mikono ile ile ya kupokelea ndama, na mpaka darasa la nane nilikuwa naitwa Habiba Landrova.

Wengi hawakuamini. Mwalimu wetu mmoja alisema mbele ya darasa zima kwamba hakuna mwanamke anayeweza kung'oa chuma cha landrova, na kwamba mama yangu ni mwongo. Nilipomwambia Mama, aliangika kibuyu chake ukutani akaniambia nikalale. Niliumia kuliko siku yoyote ya utoto wangu.

Sasa mwaka huu, niko na simu yangu nangoja wateja, nikakutana na mnada wa mtandaoni. Mzee mmoja wa upande wa Timau aliyekuwa akikusanya magari ya zamani alikuwa amefariki, na watoto wake wanayauza moja moja. La tatu lilikuwa landrova ya kijani, na chini yake wameandika kwamba iliwahi kutumika ofisi ya mifugo Garbatulla, halafu wakataja kasoro: rangi imechubuka, na kishikio cha mbele upande wa abiria hakipo.

Nilisoma hiyo kasoro mara tatu, kisha nikakaa chini.

Nilikimbia kwa Mama. Nilimkuta akiangika kibuyu chake cha maziwa kwenye chuma chake cha ukutani, polepole, maana magoti yake yamekwisha na macho yanaondoka. Nikamsomea. Akaniambia nimsomee tena. Halafu akasema, "Ningekaa ndani mara moja tu, kabla sijaenda." (Mama akisema kwenda siku hizi, hasemi sokoni.) Basi nikaapa landrova ile italala kwetu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa moja dogo: nilimshirikisha shemeji yangu Guyo, mdogo wa mume wangu, ambaye ni dalali wa mbuzi na anaamini hakuna mnada duniani asioujua. Pale soko la mifugo, ukimtaka beberu wa mtu humwendei wewe kwanza. Unamtanguliza rafiki, anajifanya mnunuzi, anamshikashika beberu mgongo, anakunja uso, anataja bei ya matusi, anaondoka. Mwenye mbuzi anavunjika moyo, halafu wewe unafika na salamu tamu na bei iliyo juu kidogo tu, anakuona malaika.

"Shemeji, mnada ni mnada," Guyo akasema. "Mimi natangulia na bei ya chini, wewe unakuja nyuma yangu pole pole."

Na mimi, na akili zangu zote, nikaona ni mpango mzuri! Kila mmoja akajiandikisha kwa simu yake na kulipa amana ya kushiriki, kila mmoja akapewa namba yake, na hatukuulizana namba. Wala hatukujiuliza ni moyo wa nani tunaokwenda kuvunja, maana mle ndani ya simu hamkuwa na mwenye landrova, mlikuwa na saa tu inayohesabu.

Mnada ulikuwa unafungwa Jumamosi saa tisa mchana. Asubuhi Guyo, akiwa Ngaremara kwenye mbuzi zake, akaniandikia: "Nimetupa bei. Kazi yangu imeisha." Mimi nikangoja mpaka karibu saa tisa, nikaweka yangu kwa madaha. Mnunuzi namba nne akaongeza. Nikaongeza. Akaongeza tena. Wengine waliokuwepo wakakimbia, tukabaki wawili, yeye nne na mimi tisa, na sheria ya mnada ule ni kwamba mtu akiongeza dakika ya mwisho, saa inasogezwa mbele, kwa hiyo ule mwisho ulikataa kabisa kufika.

Mama Kendi, anayeuza miraa kibanda cha pili, akachukua simu yangu awe msomaji (miwani yangu ilikuwa imejaa jasho), na kwa sauti ile yake soko lote likajua. Watu wakaacha mitungi, wakajaa.

"Namba nne amepanda tena! Ngai! Huyu mtu ako na pesa ya nini?"

"Panda!" nikasema.

Tukapita bei niliyopanga. Tukapita bei ya ndama wangu. Tukapita na bei ya friji yangu ya pili ya maziwa. Nilikuwa namwona Mama na magoti yake, na huyu mtu asiye na uso anataka kukalia kiti nilichozaliwa. Ndipo nikapanda kwenye kreti.

"Wewe namba nne!" nikapiga kelele, kana kwamba simu ina masikio. "Mwizi wa wazee! Mungu akupe gari lisilo na breki! Wewe na ukoo wako wote mkose maziwa ya kutia kwenye chai!"

Soko likaitikia, "Amina!" Mama Kendi akabonyeza, tukangoja, dakika ikaisha, na namba nne hakurudi. Nilikuwa nimeshinda! Vigelegele vilipigwa mpaka punda wakakata kamba. Nililia na kucheka kwa pamoja, na watu wakaninyanyua na kreti yangu.

Nikiwa bado hewani, simu ikalia. Alikuwa Guyo, na Mama Kendi akaiweka sauti ya juu ili wote tumpe habari njema.

"Shemeji, nisamehe," Guyo alikuwa analia. "Nimeshindwa."

"Umeshindwa nini?"

"Mimi najua mtandao wa hapo sokoni ni shida. Nikaona mtu namba tisa anataka kuchukua gari ya mama, nikajua wewe umekatika mtandaoni. Nikapigana naye mpaka nikamaliza pesa ya mbuzi yote. Wallahi huyo namba tisa hana utu. Nimemlaani mbaya sana."

Mama Kendi akainyoosha simu juu, karibu na mdomo wangu.

"Guyo," nikasema taratibu, "wewe ni namba ngapi?"

"Mimi? Nne."

Sitawaeleza kicheko kile. Niliwekwa chini. Mama Kendi alilala juu ya miraa yake akishika mbavu. Jioni mume wangu alinikaribisha kwa kuuliza, kwa adabu sana, kama ukoo uanze kunywa chai nyeusi leo au kesho.

Ilinibidi niifute laana yangu mbele ya watu wale wale, juu ya kreti ile ile, na Guyo akaifuta yake. Ndama akaenda, friji ikaenda, na Guyo akaleta mbuzi zake kufidia alichokipandisha. Nimeapa: siku nyingine nikiingia kwenye mnada, nitauliza kwanza namba ya kila mtu aliyenioa na aliyenizaa.

Lakini mngetuona tukiteremka kutoka Timau! Guyo kwenye usukani, mimi kando yake, landrova ikinguruma, na tulipoingia soko la maziwa wale wale walionicheka wakapiga vigelegele upya. Tukaenda moja kwa moja hadi kwa Mama.

Alitoka amefunika kitu kwa shuka. Akapapasa mlango, akapapasa kiti, tukamsaidia kupanda. Halafu akafunua shuka. Kilikuwa kile chuma cha ukutani, ambacho tangu nizaliwe nimekiona kikibeba kibuyu na sikuwahi kuuliza kilitoka wapi. Akakiweka mbele yake, kwenye matundu mawili yaliyokuwa wazi, kikakaa sawasawa.

"Mama! Miaka yote hiyo mbona hukumwonyesha mtu?"

"Ni mali ya serikali," akasema. "Ningekitoa, wangenidai."

Akakishika kwa mikono miwili, akatazama mbele.

"Yule mwalimu wako bado yuko hai?"

"Yuko, Mama. Alistaafu, anakaa Kiwanjani, hapa hapa mjini."

"Guyo," Mama akasema, "washa gari."