Jagi Alilolivunja Bi Mwanahamisi

Juzi mjukuu wangu Zaina aligonga jagi langu la udongo kwa kidole, likalia kama kengele. Mawazo yakanirudisha utotoni Misima, uani kwa Bi Mwanahamisi mfinyanzi, kwenye moshi na harufu ya majivu. Mama yangu, Mwanaidi binti Sefu, alilisubiri jagi lake tangu masika. Lilipotoka motoni likapoa, Bi Mwanahamisi aliligonga, akatega sikio, akalivunja.

“Jamani, lilikuwa zuri lile!” mama akalia.

“Utateka maji kwa uzuri, Mwanaidi? Hukusikia linavyokoroma? Lina ufa. Nakufinyangia lingine.”

Mimi mtoto nilidhani anamchukia mama. Kumbe aliona haya kumpa kitu kibovu. Jagi aliloligonga Zaina ndilo hilo lingine.