Uzi Mwekundu wa Mama Njoki

Harufu ya mafuta ya cherehani hunirudisha Gitothua, kule Ruiru, mpaka leo. Mama alikuwa fundi wa nguo, na chumba chetu kimoja kilinuka mafuta hayo, makaa, na unga wa mahindi tuliowalowekea vifaranga. Ilikuwa miaka ya tisini, kabla Ruiru haijajaa maghorofa. Ploti yetu ilikuwa na safu mbili za vyumba vya mabati zikitazamana, mfereji mmoja wa maji katikati, na kuku wa kienyeji waliozurura watakavyo. Kwa vile kuku wa nyumba hii na wa nyumba ile walichanganyika mchana kutwa, kila mwenye kuku alifunga uzi wa rangi yake mguuni mwa kila kifaranga. Sisi tulikuwa na kijani. Mama Njoki, jirani wa mlango uliotazamana na wetu, alikuwa na nyekundu. Nyuzi zote zilitoka kwa mama, maana ndiye aliyekuwa na cherehani. Sasa, kifaranga hukua na uzi haukui, kwa hiyo ilibidi ufunguliwe na kufungwa upya kila mara, na hapo palikuwa na sheria ambayo hata sisi watoto tuliijua: uzi hufunguliwa na aliyeufunga, basi.

Mama aliishika sheria hiyo kuliko mtu yeyote, na alikuwa na sababu. Kabla ya Gitothua tuliishi Thika, ambako baba alifanya kazi katika kiwanda cha ngozi. Huko kuku wa mtu akapotea, na kwa kuwa fundi ana nyuzi za kila rangi, ikasemwa kwamba fundi ndiye aliyembadilishia uzi. Hakuna aliyethibitisha lolote. Lakini tulikuwa nyumba pekee ya Waislamu pale, wageni wa juzi tu, na mama aliona jinsi watu walivyonyamaza kila alipofika mferejini na ndoo yake. Tukahama. Baba akawa anakwenda Thika na kurudi kila siku, na mama akaja Ruiru akiwa ameapa kwamba hatagusa tena mali ya mtu, hata kwa wema.

Mvua za masika zilipoanza, Mama Njoki alikwenda shambani kwake Theta kupanda mahindi na maharagwe. Alikuwa mjane, mtu wa kanisa, mwenye sauti iliyosikika mpaka barabarani, na aliniita "maitu", yaani mama kwa Kikuyu, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa. Asubuhi ya kuondoka aliwafunga vifaranga wake nyuzi mpya haraka haraka, huku akilalamika kwamba gari litamwacha. Akampa mama ufunguo wa nyumba yake, akatuomba tuwalishe kuku wake, akaenda zake.

Siku chache baadaye nikamwona mmoja wa vifaranga wale akichechemea karibu na mfereji. Uzi mwekundu ulikuwa umeanza kuzama ndani ya ngozi, na chini yake mguu umevimba. Nikambeba mpaka kwa mama, ambaye mkasi wake ulikuwa ukining'inia shingoni kama kawaida. Alimgeuza, akamtazama vizuri, akanirudishia. Akasema huyu si wetu. Nikamwambia amkatie tu, kisha amfunge uzi mwingine mwekundu, mbona tunao mzima kwenye kibiringo?

"Hicho ndicho walichosema nilifanya Thika," akajibu, akarudi kwenye cherehani yake.

Basi nikaanza kumuuguza na uzi wake mguuni. Nilimtengenezea kitanda cha vitambaa katika katoni ya sabuni, nikaiweka karibu na jiko. Nilimwosha mguu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nikampaka utomvu wa shubiri niliochuma kwenye ua wa ploti, nikamlisha unga kwa ncha ya kidole. Mama aliruhusu kila kitu ila mkasi. Wakati mwingine ni yeye mwenyewe aliyepasha maji moto, akajaribu kuulegeza uzi kwa mafuta ya cherehani bila kuukata, lakini kile kifundo kilikuwa kimekwisha kufunikwa na uvimbe. Vidole vya kifaranga vikawa vya buluu, halafu vyeusi. Nilimchukia mama siku zile, wala sisemi hivyo kwa mapambo. Nilikuwa namwona akikata vitambaa vya watu mchana kutwa kwa mkasi uleule. Mwishowe alimwomba mwanamke aliyetuletea nduma kutoka Theta ampelekee Mama Njoki ujumbe: njoo, uzi wa kifaranga wako unambana.

Mama Njoki alifika kesho yake, matope mpaka magotini. Alikuwa na hakika kwamba nyumba yake imevunjwa na watu wanaogopa kumwambia, kwa sababu ni nani angemtoa mtu shambani wakati wa kupanda kwa ajili ya uzi? Mama akamkabidhi katoni kwa mikono miwili. Mama Njoki akautazama ule mguu mweusi, kisha akautazama mkasi shingoni mwa mama. Nilingoja kelele. Badala yake alisema polepole, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Mama Zubeda, nilikuachia ufunguo wa nyumba. Uzi ndio umekushinda?"

Mama alivua mkasi akampa. Mama Njoki akakataa kuupokea.

"Kata wewe," akasema.

Mama akakata. Mama Njoki ndiye aliyeushika mguu wa kifaranga utulie. Kisha mama akaketi kwenye kizingiti akalia, akamweleza habari za Thika, ambazo kumbe hakuwahi kumweleza mtu yeyote pale. Mama Njoki aliketi kando yake na matope yake, akasikiliza mpaka mwisho.

Mguu haukupona. Ulikauka ukadondoka, lakini kifaranga akaishi, akawa mtetea mkubwa, akitembea kwa kigutu ambacho tulikisikia kwenye saruji kabla hatujamwona. Hakufungwa uzi tena. Alilala kwetu na kutaga kwa Mama Njoki, na kila mmoja wa wale wanawake akashikilia kwamba kuku ni wa mwenzake. Uzi wa ploti nzima, kuanzia mwaka ule, ulifunguliwa na kufungwa na mama.

Sasa naishi Mwiki, ghorofa ya tatu. Hapa hakuna kuku, na hakuna aliyewahi kunishuku kwa lolote, kwa kuwa hakuna anayenijua. Majuzi nilikuwa nasafiri. Nilifunga mlango, nikafunga na geti la chuma, nikasimama kwenye korido nikitazama milango ya majirani, ufunguo mkononi. Halafu nikautia mkobani, nikashuka ngazi.